Meli ya baba yake ilikaa jeshini miezi mitano tu: je, ilifukuzwa?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Maryland, Marekani, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mzee mmoja ninayemhudumia ana miaka 91. Ana picha ya baba yake akiwa kijana, kavaa sare ya wanamaji, na kwenye kofia kuna utepe wenye jina la meli. Nimelitafuta jina hilo nikapata mistari minne tu: meli ya mizigo, ya mbao, ya mvuke, imejengwa 1918, imeandikishwa jeshini Desemba 1918, imetolewa Mei 1919. Basi. Mzee anasema shangazi zake walikuwa wakimcheka baba yake kwamba alitumikia sanduku la mbao lililofukuzwa jeshini. Mwezi uliopita binti yake alitupeleka Mallows Bay kuona mabaki ya meli za aina hiyo, na mzee alirudi kimya kabisa. Naomba unisaidie. Kwa nini watu wa 1918 walijenga stima kwa mbao? Meli hiyo ilikuwa mbovu kweli? Mbona iliingia jeshini vita vimeshakwisha? Na je, ni vibaya nikirudi kule nikachukua msumari mmoja nimtengenezee kumbukumbu?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na msumari, maana hilo ndilo unaloweza kulikosea wiki hii hii: usiuchukue. Ghuba ile, pamoja na sehemu ya mto Potomac inayopita hapo, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, na mabaki yale yanalindwa na sheria. Huruhusiwi kung'oa chochote, hata kama ni chuma kilicholiwa na kutu ambacho hakuna anayekitazama. Nitakueleza huko mbele ni kitu gani unaweza kumpa mzee, chenye thamani kuliko msumari na kisichokuletea askari mlangoni.

Sasa hao shangazi. Nadhani kinachomuumiza mzee si meli yenyewe. Ni lile neno "kufukuzwa". Miezi mitano inasikika kama mtu aliyeshindwa kazi akaondolewa kabla ya muda wa majaribio kwisha. Lakini rekodi uliyoisoma haisemi hivyo, na ukijua utaratibu wa wakati ule utaona haiwezi kusema hivyo.

Meli ile haikuwa mali ya jeshi. Ilikuwa ya Bodi ya Meli ya Marekani, chombo cha kiraia kilichoundwa kwa sheria ya 1916. Mnamo Aprili 1917, siku chache baada ya Marekani kuingia vitani, Bodi hiyo iliunda Shirika la Meli za Dharura ili lijenge, linunue na kukodi kila kinachoelea. Januari 1918 Jeshi la Majini nalo likaanzisha idara yake ya uchukuzi wa ng'ambo. Idara hiyo ilikuwa ikipokea meli za mizigo kutoka kwa Bodi, inaweka mabaharia wa jeshi ndani yake, inapandisha bendera, inaipa meli namba ya utambulisho, na kuanzia hapo meli inaitwa USS. Kazi ikiisha, bendera inashushwa, mabaharia wanashuka, meli inarudi kwa mwenyewe. Mara nyingi kushusha bendera na kukabidhi kulifanyika siku hiyo hiyo moja.

Fikiria lori la mtu likikodiwa na serikali kubeba masanduku ya kura. Wiki mbili lina bango la tume na askari juu. Uchaguzi ukiisha linarudi kubeba saruji. Hakuna atakayesema lori limefukuzwa kazi. Mei 1919 meli nyingi za mizigo, za mbao na za chuma, nzima na chakavu, zilikuwa zikirudishwa namna hiyo hiyo, foleni kwa foleni. Kwa hiyo urefu wa utumishi, peke yake, haukwambii lolote kuhusu ubora wa meli.

Swali lako la Desemba nimelipenda, kwa sababu wengi wanaosoma rekodi hizi hawaligundui. Vita vilisimama tarehe 11 Novemba 1918, meli inaandikishwa mwezi mmoja baadaye, ya nini? Kwanza, siku ile ilikuwa ya kusitisha mapigano tu. Mkataba wa amani ulitiwa saini Versailles tarehe 28 Juni 1919. Pili, wakati bunduki zinanyamaza kulikuwa na askari wa Kimarekani wapatao milioni 2 huko Ulaya. Watu hao walikula kila siku, walihitaji makaa ya mawe na mablanketi ya baridi, farasi wao walihitaji malisho, na wote walipaswa kurudishwa nyumbani. Kila meli kubwa ya chuma iliyogeuzwa kubeba askari iliacha pengo la mizigo, na pengo hilo lilihitaji kuzibwa na meli nyingine, hata ndogo. Tena Ulaya yenyewe ilikuwa na njaa, na chakula cha msaada kilivuka bahari majira yote ya baridi na masika ya 1919. Baba yake mzee wako hakufika baada ya sherehe. Alifika wakati wa kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa vingi.

Hapo sasa ndipo penye utamu wa swali lako: kwa nini mbao?

Rudi nyuma hadi Februari 1917. Ujerumani ilitangaza kwamba nyambizi zake zitazamisha meli yoyote itakayokaribia Uingereza na Ufaransa, bila onyo. Aprili pekee zilizamishwa meli za zaidi ya tani 800,000. Kwa mwendo ule Uingereza ingekosa mkate kabla ya Krismasi. Marekani ikajikuta inatakiwa kujenga meli upesi kuliko Mjerumani anavyozizamisha. Lakini viwanda vyake vichache vya kuunda meli za chuma vilikuwa vimejaa oda za jeshi, na chuma chenyewe kilikuwa kinagombewa na mizinga, reli na manowari. Kitu ambacho Marekani haikukikosa ni misitu. Magharibi, Oregon na Washington, kulikuwa na misonobari mirefu ya kuweza kutoa boriti moja iliyonyooka yenye urefu wa nyumba kadhaa. Kusini kulikuwa na misonobari ya manjano, migumu na yenye utomvu mwingi. Na kando ya fukwe hizo kulikuwa bado na mafundi seremala ambao baba zao waliunda majahazi ya milingoti mitatu na minne. Hoja ikawa: tuwape hao kazi, mbao hazigombewi na mtu.

Hoja hiyo haikupita bila ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa kuchekesha ukiutazama kutoka mbali. Aliyeongoza Bodi, William Denman, aliitaka mbao. Aliyepewa Shirika la Dharura, Jenerali George Goethals, yule aliyekamilisha Mfereji wa Panama, aliitaka chuma, na alisema hadharani kwamba miti ya kuundia meli hizo bado ina ndege wanaojenga viota juu yake. Walivutana mpaka Rais Wilson akachoka, na Julai 1917 wote wawili wakaondoka. Edward Hurley akashika Bodi, na meli zikaendelea kuundwa kwa vyote viwili, chuma na mbao.

Kwa hiyo sahihisha jambo hili ukiongea na familia: hakuna aliyedhani kwamba mbao ni bora kuliko chuma. Kila mtu alijua ni ya pili. Swali lilikuwa kama ya pili iliyopo inashinda ya kwanza isiyopo.

Ramani iliyotumika sana ilichorwa na mhandisi Theodore Ferris. Meli ya Ferris ilikuwa na urefu wa futi 280 hivi, yaani mita 85 na ushei, upana wa futi 46, na ilibeba tani 3,500. Hiyo ni shehena ya malori zaidi ya 100 ya tani 30. Injini moja ya mvuke, rafadha (propela) moja, mwendo wa maili kumi za baharini kwa saa pale makaa yanapokuwa mazuri. Meli moja ilikula mbao za futi milioni 1 na nusu hivi, ukihesabu futi moja ya ubao kuwa kipande cha futi kwa futi chenye unene wa inchi moja. Sina hakika kama kofia ya yule kijana ilitoka kwenye meli ya Ferris, maana kulikuwa na ramani nyingine kadhaa, lakini ukubwa wa meli hizo haukupishana sana, kwa hiyo ninayoeleza hapa yanamhusu.

Sasa ubovu. Nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu ukimpelekea mzee sifa tupu atakugundua. Meli hizi zilikuwa na udhaifu wa kweli, na udhaifu huo hautokani na uzembe wa mabaharia.

Chukua daftari la kurasa 96 ulishike ncha zote mbili, kisha ulikunje kidogo. Angalia ukingo wake: kurasa zimeteleza, moja juu ya nyingine. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya meli ndefu ya mbao. Meli haielei sawasawa pande zote. Tumbo lake pana katikati linasukumwa juu na maji kwa nguvu kubwa; omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ni nyembamba, maji hayazishiki sana, ila zina uzito wao. Matokeo yake ncha zinainama, mgongo unapanda. Mawimbi yakija hali inageuka kila sekunde chache: inapanda katikati, inashuka katikati, inapanda tena. Meli ya chuma ina mabamba yaliyofungwa kwa ribiti, inajibu kama kitu kimoja. Meli ya mbao ni maelfu ya vipande, mkuku (uti wa mgongo wa meli), mataruma (mbavu zake), mbao za ubavuni, za ndani, za sitaha, vimeshikanishwa kwa bolti za chuma na misumari mirefu, na kila kipande kinateleza kidogo dhidi ya mwenzake. Kidogo tu. Lakini kila kikiteleza, kile kilichosokotwa kwenye mishono ya mbao kuzuia maji kinatafunwa.

Kwa jahazi la mita 20 shida hii haionekani. Ukipita mita 80 au 90 inakuwa ndiyo shida kuu. Kuna mfano mashuhuri wa jahazi la milingoti sita lililoitwa *Wyoming*, lililoundwa Bath, Maine, mwaka 1909, mojawapo ya vyombo vikubwa kabisa vya mbao kuwahi kuundwa. Lilikuwa likipinda mpaka mbao zinaachana, pampu hazikupumzika, na mwaka 1924 lilizama na watu wote waliokuwemo. Wahandisi wa 1917 walizijua habari za vyombo kama hivyo. Ndiyo maana walikomea karibu na futi 280, na ndiyo maana meli nyingi zilifungwa mikanda ya chuma ya mshazari juu ya mataruma, kama unavyofunga kamba kwenye sanduku ambalo huliamini.

Juu ya hilo weka mvuke. Injini inataka kukaa juu ya kitu kisichopinda, kwa sababu kutoka kwenye injini kuna mhimili mrefu wa chuma unaokwenda hadi kwenye rafadha, nao lazima unyooke kama uzi. Mwili wa meli ukipinda, mhimili unabanwa pale unapokalia, unapata moto, unatetemeka. Mtetemo unaingia kwenye mbao, mbao zinalegea zaidi. Na chumba cha boila kinakausha mbao kwa ndani wakati bahari inazilowesha kwa nje. Ubao mmoja, sura mbili. Jahazi la tanga halikuwahi kupewa adhabu hii.

Halafu kuna haraka. Hapa niruhusu nikumbuke kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na mafundi Nungwi, Unguja, nikimtazama mzee mmoja akichagua mbao za kutia ubavuni. Aligonga ubao kwa nyuma ya tezo, akasikiliza, akaunusa ulipokatwa, akausukuma pembeni kwa mguu. Nikamuuliza una kasoro gani. Akasema, "Huu bado unalia." Maana yake una maji ndani. Ukiutia leo na kuukalafati vizuri, yaani kuziba mishono yake kwa pamba, utakauka ukiwa mahali pake, utanywea, na pamba uliyoisindika kwa nyundo itabaki inaning'inia kama uzi kwenye jino. Ubao mnene ukianikwa kivulini unaweza kutaka mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Mbao za meli za dharura zilikuwa nene inchi kadhaa, na kati ya mti kusimama msituni na meli kushushwa majini kulikuwa na miezi tu. Goethals na ndege zake hakuwa anafanya mzaha mtupu.

Ili uone kasi yenyewe: siku ya sikukuu ya taifa, 4 Julai 1918, Marekani ilishusha majini takriban meli 95 kwa siku moja, za chuma na za mbao. Kiwanda kimoja cha Aberdeen, jimbo la Washington, kilifikisha meli ya mbao kutoka mkuku hadi majini kwa siku 17 na nusu. Ni ufundi wa ajabu. Mimi nimesubiri kabati la jikoni muda mrefu kuliko huo. Lakini fundi wangu wa Nungwi angeuliza swali moja tu kuhusu mbao zile.

Kwa hiyo ndiyo, baba yake mzee alikaa kwenye meli iliyovuja. Karibu zote zilivuja. Maji yalijikusanya ngamani, chini kabisa ya meli, na pampu za mvuke ziliyatoa, saa baada ya saa, na pampu ikizibwa na vumbi la makaa kuna mtu alishuka na taa kwenda kuizibua akiwa magotini ndani ya maji meusi ya mafuta. Kama kijana yule alikuwa upande wa moto, yaani wale waliolisha boila, kazi yake ilikuwa koleo, kazini kwa muda wa saa nne, mapumzikoni kwa muda wa saa nane, meli ikilalia upande huu na huu. Kuvuja si kuzama. Chombo chochote cha mbao kinavuja kidogo, hata mashua ya babu yako. Swali ni kama pampu inashinda maji au maji yanashinda pampu.

Jambo jingine ambalo watu hulipotosha ni kwamba meli hizi zilikusudiwa kukabiliana na nyambizi. Kwa maili kumi kwa saa hakuna unayemkimbia. Nyambizi za wakati ule zilipokuwa juu ya maji zilikwenda kasi kuliko hapo. Kazi iliyozifaa meli hizi ilikuwa ya pwani na safari za kati, kubeba makaa, mbao, sukari na chumvichumvi, ili meli za chuma zilizokuwa zikifanya kazi hizo ziachwe zivuke Atlantiki. Mafanikio yake, kama yapo, hayaonekani kwenye safari zake mwenyewe. Yanaonekana kwenye safari ya meli nyingine iliyopata nafasi ya kwenda.

Je, zilifanikiwa? Hapa wanahistoria wanabishana, na mimi nina upande wangu. Kufikia Oktoba 1918 meli za mbao 134 tu ndizo zilizokuwa zimekamilika kati ya mamia yaliyoagizwa, na hakuna hata moja iliyokuwa imefika bandari ya Ulaya kabla ya vita kusimama. Miili mingi ilikuwa inaelea bila injini, kwa sababu maboila na injini zilikuwa za chuma, na chuma ndicho kilekile kilichokosekana tangu mwanzo. Wanaozicheka hutaja takwimu hizo na kufunga jalada. Lakini kile kiwanda kikubwa kuliko vyote cha meli za chuma, Hog Island, Pennsylvania, kilichojengwa kwa vita hivyo hivyo, nacho hakikukabidhi hata meli moja kabla ya Novemba 1918. Kilimaliza 122, zote baada ya vita. Hakuna anayeziita za Hog Island masanduku. Tofauti ni kwamba chuma kilidumu mpaka vita vilivyofuata, mbao hazikudumu, na anayedumu ndiye huandikiwa sifa. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kuanza kujenga kwa mbao mwaka 1917, wakati kila mtu aliamini vita vitafika 1920. Kosa lilikuwa kuendelea kukamilisha baadhi yake wakati ilishajulikana hakuna mzigo unaozingoja.

Maana mzigo ulikwisha kweli. Kufikia 1921 bei ya kusafirisha bidhaa ilikuwa imeanguka, meli zisizo na kazi zimejaa kila bandari, na hakuna mfanyabiashara aliyetaka meli ndogo, inayokula makaa, inayovuja, yenye kuta nene zinazonyang'anya nafasi ya shehena. Zikafungwa pamoja mtoni James, Virginia, mamia. Mwaka 1922 kampuni moja ya kuvunja meli, Western Marine & Salvage ya Alexandria, ilinunua 233 kwa jumla ya dola 750,000. Piga hesabu: kama dola 3,200 kila moja, wakati kuijenga moja kuliigharimu serikali mamia ya maelfu. Kilichotakiwa kilikuwa chuma kilichomo ndani: injini, boila, mabomba na ile misumari unayoitamani. Njia ya kukitoa ilikuwa moto. Tarehe 7 Novemba 1925 walichoma meli 31 kwa mpigo pale Mallows Bay. Kampuni ikafilisika mwaka 1931. Wenyeji walioishiwa kipato wakaingia kung'oa walichoweza. Na wakati wa vita vya pili Bethlehem Steel ikaja kuchukua kilichobaki mpaka 1944, kisha nayo ikaondoka. Mabaki ya zaidi ya meli 100 yakabaki. Maji ya pale hayana chumvi nyingi, kwa hiyo yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao hakuyamaliza. Tope likajaa ndani, mbegu zikaota, na sasa mnaona visiwa vyenye umbo la meli, miti juu na viota vya ndege wala samaki.

Nadhani ndicho kilichomnyamazisha mzee. Kama alikuwa na picha ya kijana mwenye kofia halafu akaoneshwa bustani yenye mataruma, si ajabu. Lakini nikuombe jambo: usimwambie kwamba mojawapo ya zile ni ya baba yake. Meli hizi zilifanana kama mayai, nyingine ziliuzwa zikawa matishari, nyingine zilizama, nyingine ziliungua kwingine kabisa. Baadhi ya mabaki ya Mallows Bay yametambuliwa kwa majina na wataalamu wa mambo ya kale wa jimbo, waliopima mwili mmoja mmoja. Wenye jibu hilo ni wao na watumishi wa hifadhi. Wapelekee jina lililo kwenye utepe. Na mkirudi, mzee akae ukingoni. Wewe ukitaka kukaribia kwa kayaki nenda na kiongozi wao. Misumari ile imesimama wima chini ya maji, na maji yakijaa huioni mpaka imeshapasua kayaki au mguu.

Kuhusu zawadi. Ukiwa na jina la meli na miezi ile mitano, kuna daftari la kila siku la meli. Kila chombo kilichoandikishwa jeshini kiliandika, zamu kwa zamu ya saa nne, upepo, hali ya hewa, mwendo, makaa yaliyotumika, bandari, mzigo, nani kapanda, nani kaugua, nani kaadhibiwa kwa kuchelewa kurudi. Madaftari ya wakati huo yako Nyaraka za Taifa, Washington, na wewe uko Maryland, mwendo wa gari tu. Andika kwanza uulize, kisha nenda mwenyewe ukae nayo mezani. Hiki si kitu cha kumaliza kwa simu. Jiandae kwa mambo makavu. Kurasa nyingi zitasema tu "gatini, tunapakia makaa". Ila ukikuta siku jina la kijana yule limeandikwa, kwa mkono wa afisa fulani aliyekuwa na usingizi, nakala ya ukurasa huo ndiyo ya kutia fremu.

Jalada la utumishi la baba mwenyewe linaombwa kwenye kituo cha kumbukumbu za watumishi wa jeshi kilichoko St. Louis. Utasikia watu wakisema majalada yale yaliungua mwaka 1973. Yaliyoungua ni ya jeshi la nchi kavu na la anga. Ya wanamaji hayakuwa kwenye moto ule. Majalada ya zamani kiasi hicho yako wazi kwa yeyote, kwa hiyo ombi anaweza kuandika binti wa mzee au hata wewe. Jalada litawaambia alikuwa na cheo gani na kama alihama meli, jambo ambalo ni la kawaida sana na linaweza kukuokoa usisome daftari la chombo alichokaa wiki mbili.

Mzee akikuuliza kabla karatasi hizo hazijafika, mwambie hivi: meli ya baba yako ilikuwa ya kuazima, ilivuja, ilifanya kazi iliyopewa, ikarudishwa kwa mwenyewe kama mamia ya nyingine. Usiongeze vita wala nyambizi.

Na leo jioni toa ile picha kwenye fremu yake taratibu, ugeuze. Nyuma ya picha za wakati ule mara nyingi kuna muhuri wa studio na mji, pengine na tarehe kwa penseli. Nakili kila herufi, hata zilizofutika nusu, kisha chukua kioo cha kukuzia urudie ule utepe wa kofia: majina ya meli hizo yalifanana, na herufi moja ukiikosea utakuwa unasoma miezi mitano ya baba wa mtu mwingine.